Mhandisi wa Udongo na Dhamana ya Hesabu Zake



Mtu akijenga nyumba, wageni humsifia kuta, milango na bati. Hakuna amsifuye kwa msingi, kwa kuwa msingi hauonekani. Na udongo ulio chini ya msingi huo hakuna hata anayeukumbuka, mpaka siku utakapohama. Siku hiyo ndipo watu wanapotambua kwamba nyumba nzima, pamoja na kuta zake na bati lake, ilikuwa imewekwa rehani kwa kitu ambacho hakuna aliyekijulia hali.

Wapo wataalamu ambao kazi yao maishani ni kuujulia hali udongo kabla haujahama. Hao ni wahandisi wa udongo, na miongoni mwao wapo wachache waliolishika swali moja gumu zaidi: ardhi itikisikapo, udongo utafanya nini? Katika orodha ya wachache hao, jina la I. M. Idriss wa California, Marekani, haliwezi kuachwa. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1966. Kwa miaka 20, tangu 1969 hadi 1989, alifanya kazi katika kampuni ya wahandisi washauri ya Woodward-Clyde. Kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, hadi alipostaafu mwaka 2004.

Wasifu huo ukisomwa kwa haraka, ni wasifu wa mtaalamu yeyote aliyefaulu. Ukisomwa taratibu, unaleta swali linalomhusu kila mtu aliyepewa dhamana na umma. Hesabu ikifanywa na mmoja, ikalipiwa na wa pili, na watakaokufa ikikosewa ni watu wa tatu ambao hawakuwapo mezani, ni nani atakayeikagua hesabu hiyo?

MWAKA WA MAFUNZO MAWILI

Elimu hii ya udongo na matetemeko ilipata msukumo wake mkubwa mwaka 1964, na mwalimu wake alikuwa ni maafa. Tarehe 27 Machi mwaka huo, jimbo la Alaska lilipigwa na tetemeko la kipimo cha 9.2. Katika mji wa Anchorage, kitongoji cha Turnagain Heights, kilichokuwa kimejengwa juu ya ukingo wa bahari, kiliteleza kuelekea majini pamoja na nyumba zake. Haikutimia miezi mitatu, tarehe 16 Juni, tetemeko la kipimo cha 7.5 likaupiga mji wa Niigata, nchini Japani. Huko kulionekana jambo la ajabu zaidi. Maghorofa ya makazi yaliinama kama mtu aliyelemewa na usingizi, na mojawapo likalala karibu ubavu mzima, ilhali kuta zake hazikuvunjika. Waliokuwamo waliweza kutoka kwa kutembea juu ya ukuta wa nje.

Maana yake ilikuwa wazi. Aliyejenga ghorofa lile hakukosea katika zege wala katika nondo. Kilichoshindwa ni ardhi yenyewe.

Sababu yake si ngumu kueleza, na mwalimu aweza kuionyesha kwa ndoo ya mchanga na maji. Mchanga uliolegea, uliojaa maji, una nafasi ndogo ndogo kati ya punje na punje. Punje hizo hugusana, na katika kugusana huko ndimo mna nguvu yote ya mchanga kubeba mzigo. Ndoo ikitikiswa, punje hutaka kusongamana. Lakini maji yaliyo katikati hayana muda wa kutoka. Kwa hiyo mzigo uliokuwa ukibebwa na punje huhamia kwenye maji, msukumo wa maji hupanda, na punje huacha kugusana. Tangu hapo mchanga si mchanga tena; ni uji. Jengo lililo juu yake huzama au kuinama, na tangi tupu lililofukiwa chini huelea na kuchomoza juu.

Wataalamu walilifahamu jambo hili hata kabla ya 1964. Ila kufahamu jambo si sawa na kuweza kulihesabu. Mhandisi anayeulizwa, "Je, mahali hapa ni salama?" hawezi kujibu kwa kisa cha ndoo. Hana budi ajibu kwa tarakimu.

HESABU INAYOTOSHA UBAO MMOJA

Profesa wa Idriss pale Berkeley alikuwa H. Bolton Seed, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1922 na kuhamia Marekani, ambaye wanafunzi na wenzake humwita baba wa fani hii. Mwaka 1971 Seed na Idriss walichapisha makala iliyoeleza njia rahisi ya kukadiria kama mchanga wa mahali fulani waweza kugeuka uji. Neno "rahisi" halikuwekwa kwa unyenyekevu. Lilikuwa ndilo shabaha yao: njia ambayo mhandisi yeyote, akiwa na kalamu na karatasi, aweza kuifuata na mwenzake akaikagua.

Mfano mmoja unatosha. Chukua mchanga ulio kina cha mita 6, na maji yakiwa kina cha mita 2 kutoka juu. Iwapo kila mita ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.9, basi uzito wote ulio juu ya kila mita ya mraba kwa kina hicho ni tani 11.4. Maji yana kina cha mita 4 juu ya mahali hapo, nayo husukuma kwa tani 4. Kwa hiyo mzigo unaobebwa na punje zenyewe ni tani 7.4 tu. Sasa tuseme tetemeko linalotarajiwa litaitikisa ardhi kwa mchapuko ulio sawa na sehemu 0.2 ya ule wa kitu kinachoanguka. Zidisha 11.4 kwa 0.2, upate 2.28. Kwa kuwa mtikiso haukai kileleni wakati wote, zidisha kwa 0.65. Kwa kuwa udongo si gogo bali hujipinda kwa kadiri unavyokwenda chini, punguza tena kidogo, zidisha kwa 0.95. Jibu ni tani 1.41. Gawanya kwa 7.4, upate 0.19.

Hiyo 0.19 ni kipimo cha mateso ambayo tetemeko litauletea mchanga huo. Upande wa pili wa mizani ni nguvu ya mchanga wenyewe, nayo hupimwa kwa njia ya kikulima kabisa. Nyundo yenye uzito wa kilo 63.5 huangushwa kutoka urefu wa sentimita 76, ikipigilia bomba ardhini, na mapigo huhesabiwa. Mchanga uliolegea hupenywa kwa mapigo machache. Ulioshikamana hudai mengi. Mapigo hayo husawazishwa kwa kina na kwa aina ya nyundo, kisha hulinganishwa na kumbukumbu za mahali ambapo matetemeko yamekwisha kupita: hapa mchanga uligeuka uji, pale haukugeuka. Kwa mchanga safi na tetemeko la kipimo cha 7.5, mateso ya 0.19 hudai mapigo yapatayo 18. Yakipatikana 8, hatari ipo; yakipatikana 30, mtu aweza kulala.

Njia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu 1971, lakini mifupa yake ingali ile ile, nayo hutumika katika nchi nyingi zenye matetemeko. Imedumu kwa sababu haina pazia. Kila hatua yaonekana, kila tarakimu ina jina, na mtu asiyekubali aweza kunyosha kidole na kusema: hapa ndipo nisipokubali.

MASHINE ISIYOJUA UDONGO

Hata hivyo yako maswali ambayo karatasi haiyawezi. Ardhi si tabaka moja. Juu huenda pana mchanga, chini yake mfinyanzi, chini zaidi changarawe, kisha mwamba. Wimbi la tetemeko hupanda kutoka mwambani likipita katika kila tabaka, na kila tabaka huligeuza: jingine hulituliza, jingine hulikuza. Tena udongo una tabia ya kulegea kwa kadiri unavyotikiswa, na ukilegea hulipokea wimbi lijalo kwa namna nyingine. Hesabu ya namna hiyo huzunguka na kujirudia, na mkono wa binadamu huchoka.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Seed na Idriss walikwisha kuandika mwaka 1968 juu ya mwitiko wa matabaka ya udongo yaliyolala sawasawa. Mwaka 1972 Per Schnabel, John Lysmer na Seed wakatoa programu iliyoitwa SHAKE, maana yake "tikisa". Mwaka uliofuata Idriss, Lysmer, Hwang na Seed wakatoa nyingine, QUAD-4, iliyoweza kushughulikia umbo lisilo sawa kama vile mteremko wa bwawa. Na mwaka 1992 Idriss, pamoja na Joseph Sun, aliitengeneza upya SHAKE ili ifae kompyuta ndogo za mezani, wakaiita SHAKE91.

Mtindo wa programu hiyo ni wa busara. Huanza kwa kukisia ugumu wa kila tabaka. Hupitisha wimbi, hutazama kila tabaka limejipinda kiasi gani, kisha hujiuliza: udongo uliojipinda hivi, je, bado una ugumu ule niliokisia? Kama sivyo, hupunguza ugumu na kuanza tena. Huendelea hivyo mpaka kisio na jibu vipatane.

Jambo lililo kubwa kuliko ustadi huo ni hili: maelezo ya SHAKE yalichapishwa na kituo cha utafiti wa matetemeko cha chuo kikuu, yakieleza nadharia yake, dhana zake na namna ya kuitumia, na programu ikaenea kwa wahandisi wa nchi nyingi. Haikufungwa katika kabati la kampuni moja. Mhandisi wa Japani au wa Mexico aliweza kuingiza tarakimu zile zile na kuona kama atapata jibu lile lile.

Na kwa kuwa dhana zake zilikuwa wazi, mipaka yake nayo ilikuwa wazi. SHAKE hudhani kwamba matabaka yamelala sawasawa na kwamba wimbi hupanda wima. Haihesabu msukumo wa maji unaopanda katika mchanga. Mtikiso ukiwa mkali mno, ule mtindo wa kukisia na kusawazisha huanza kupoteza ukweli. Mashine haitamwambia mtumiaji hayo. Itampa jibu lenye desimali sita, safi kabisa, hata kama alichoiingizia ni upuuzi. Kompyuta haijui udongo; inajua tarakimu alizopewa. Anayeujua udongo, au anayepaswa kuujua, ni yule atakayeweka sahihi.

BWAWA LILILOBAKIWA NA MITA MOJA NA NUSU

Sahihi hiyo ina uzito gani? Alfajiri ya tarehe 9 Februari 1971, bonde la San Fernando, kaskazini ya mji wa Los Angeles, lilitikisika kwa tetemeko la kipimo cha 6.6. Juu ya bonde hilo palikuwa na bwawa la maji ya kunywa, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1912 kwa njia iliyokuwa ya kawaida wakati huo: udongo ulisukumwa kwa maji, ukamwagwa mahali pake, ukaachwa utuame. Njia hiyo ilikuwa nafuu, nayo ilizaa mchanga uliolegea na kujaa maji. Ndio ule ule wa ndoo.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa mita 10.7 chini ya kilele cha ukuta. Ukuta uliteleza upande wa maji, kilele chake kikaenda nao, na kilichobaki juu ya maji kilikuwa udongo uliopasuka wenye kimo cha kama mita 1.5. Chini ya bwawa hilo waliishi watu wapatao 80,000. Waliamriwa kuhama, wakakaa mbali na nyumba zao kwa siku kadhaa huku maji yakipunguzwa. Hakuna aliyeweza kuwaambia kwa uhakika kwamba tetemeko dogo la baadaye halitaimaliza ile mita moja na nusu.

Seed, Kenneth Lee, Idriss na Faiz Makdisi waliuchunguza mkasa huo, wakatoa ripoti yao mwaka 1973. Ukuta ulikatwa na kuchimbwa ili tabaka zake zionekane, na mchanga uliogeuka uji ukapatikana ndani ya upande ulioteleza. Kifaa cha kuandikia mtikiso kilichokuwa juu ya bwawa kilionyesha jambo lililowashangaza wengi: ukuta haukuteleza wakati wa mtikiso mkubwa, bali baada yake. Tetemeko lilikuwa limekwisha kuudhoofisha mchanga. Kilichousukuma ukuta hadi ukaanguka ni uzito wake wenyewe.

Funzo hilo lilibadili kazi ya ushauri. Kabla yake, mhandisi wengi walikadiria tetemeko kama msukumo mmoja wa pembeni, uliochaguliwa kwa mazoea, wakaona kwamba ukuta utahimili, wakafunga jalada. Hesabu ya namna hiyo iliweza kulipitisha bwawa la San Fernando, ardhi haikulipitisha. Tangu hapo mabwawa ya aina ile katika California yalipitiwa upya. Bwawa jipya lililojengwa katika bonde hilo hilo katika miaka ya 1970 lilifikiwa na mtihani wake tarehe 17 Januari 1994, siku ya tetemeko la Northridge, nalo likasimama.

KUTOKA CALIFORNIA HADI MTO NILE

Barani Afrika nako swali hilo lilifika. Tarehe 14 Novemba 1981, tetemeko la ardhi la ukubwa wa wastani lilitokea katika eneo la Kalabsha, kusini-magharibi ya Aswan, Misri, karibu na ziwa lililoundwa na Bwawa Kuu. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1970, lina kimo cha mita 111, na ndani ya mwili wake mna mchanga mwingi uliomwagwa majini. Nyuma yake yamekusanyika maji ya Nile, mto ambao sehemu ya maji yake hutoka katika Ziwa Victoria; na chini yake, hadi bahari ya Mediterania, huishi karibu taifa zima la Misri.

Haikuwa ajabu basi kwamba mamlaka ya Misri haikuridhika na faraja ya maneno. Mtandao wa vipima-tetemeko ulianza kuwekwa kuzunguka ziwa mwaka 1982, na kampuni ya Woodward-Clyde, ile ile ambamo Idriss alifanya kazi wakati huo, ikapewa kazi ya kuchunguza matetemeko ya eneo hilo na uimara wa bwawa. Ripoti yake kwa mamlaka ya mabwawa ilitolewa mwaka 1985.

Hapa ndipo lile swali la mwanzo linaporudi kwa nguvu. Mkulima wa Misri ya juu hakuichagua kampuni, hakuisoma ripoti, wala hakujua kwamba mchanga una mapigo. Lakini ndiye aliyewekwa mizanini. Mshauri hulipwa na serikali au na shirika. Dhamana yake, hata hivyo, ni kwa yule asiyemjua. Asipolikumbuka hilo, ushauri wake hugeuka kuwa biashara ya kuuza utulivu wa moyo.

UDONGO LAINI NA UTABIRI ULIOSAHIHISHWA

Mtaalamu mwaminifu hutambulikana hasa pale dunia inapomsahihisha. Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko kubwa lilitokea kwenye pwani ya Mexico, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Katika viunga vyenye ardhi ngumu, mtikiso ulikuwa kama asilimia 3 hadi 4 tu ya mchapuko wa kitu kinachoanguka. Katikati ya mji, uliojengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale, ulifikia kama asilimia 17, na tena ulikwenda na kurudi polepole, kwa mwendo wa sekunde 2 hivi, ambao ndio mwendo wa kuyumba kwa majengo ya kimo cha kati. Maelfu ya watu walikufa.

Miaka minne baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, ikawa zamu ya California katika tetemeko la Loma Prieta, la kipimo cha 6.9. Kitovu chake kilikuwa mbali na Oakland, lakini sehemu ya barabara ya juu ya Cypress, iliyosimama juu ya tope laini la ghuba, iliporomoka na kuua watu 42 kati ya 63 waliopoteza maisha siku hiyo. Katika mtaa wa Marina, San Francisco, mchanga uliotumika kujazia ufuko uligeuka uji.

Seed hakuyaona hayo. Alifariki Aprili mwaka huo huo wa 1989. Mwaka uliofuata, katika kongamano la kumkumbuka, Idriss alitoa makala iliyounganisha kumbukumbu za Mexico, za Loma Prieta na hesabu za kompyuta. Alionyesha kwamba udongo laini huukuza mtikiso mdogo wa mwambani kwa kiasi kikubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Kwamba kwa kadiri mtikiso wa mwambani unavyokuwa mkali, ukuzaji huo hupungua. Na kwamba ufikapo karibu asilimia 40 ya mchapuko wa kitu kinachoanguka, ukuzaji hutoweka. Kanuni zilizokuwa zikitumika hazikuwa zimeupa udongo laini uzito wake unaostahili. Makadirio yaliyotangulia, yakiwemo yaliyotoka kwa watu wa fani yake mwenyewe, yalibidi yasahihishwe, nayo yakasahihishwa.

Usahihishaji haukukomea hapo. Mwaka 2008 Idriss na mwenzake Ross Boulanger walitoa kitabu juu ya mchanga kugeuka uji. Wataalamu wengine wa California, waliokwisha kutoa hesabu zao mwaka 2004, walipinga baadhi ya matokeo, na mabishano yakawa makali. Walibishana juu ya namna ya kusoma visa vya zamani, kimoja kimoja: mahali fulani maji yalikuwa kina gani, mapigo yalikuwa mangapi, mtikiso ulikuwa kiasi gani. Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani ziliunda kamati kulitazama suala zima, na ripoti yake ikatoka mwaka 2016.

Wako watakaouona mvutano huo kuwa aibu kwa wasomi. Ukweli ni kinyume chake. Waliweza kubishana kisa kwa kisa kwa sababu visa vyenyewe vilikuwa vimechapishwa. Mahali ambapo hesabu zimefungwa kabatini hapana mabishano, na kimya hicho mtu asikidhani kuwa ni amani. Ni kimya cha bwawa la San Fernando kabla ya alfajiri ya tarehe 9 Februari.

MASWALI MANNE

Ndugu walimu na watumishi wa umma, tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitikisika kwa tetemeko la kipimo cha 5.9. Watu walikufa mjini Bukoba na vijijini, maelfu ya nyumba ziliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliumia vibaya hata ikabidi zijengwe upya. Mkasa ule ulikuwa hasa wa kuta dhaifu, na si ule wa Niigata. Lakini uliwakumbusha wananchi jambo ambalo ramani ya Afrika Mashariki inalisema tangu zamani: Bonde la Ufa ni ardhi iliyo hai. Ilijionyesha mwaka 1910 huko Rukwa, kwa tetemeko lililo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa katika bara hili.

Si kila wilaya itampata mhandisi wa kiwango cha Idriss, wala si kila shule inahitaji programu ya kompyuta. Lakini kila jengo la umma lina mtu anayepitisha makaratasi yake: katibu, mhasibu, ofisa elimu, mwalimu mkuu aliye katika kamati ya ujenzi. Mtu huyo hahitaji kuwa mhandisi ili aulize maswali manne. Udongo wa mahali hapa umepimwa kwa mashimo mangapi, na hadi kina gani? Maji yako umbali gani chini? Hesabu imedhani nini, na dhana hizo zimeandikwa wapi? Na ni nani, mbali na aliyeifanya, ameikagua?

Mshauri mwema hachukii maswali hayo. Huyafurahia, kwa kuwa ndiyo aliyojiuliza mwenyewe usiku uliotangulia. Akikasirika, au akijibu kwamba kompyuta imekwisha kusema, basi jibu limepatikana. Karatasi isipigwe muhuri.

Ile njia ya mwaka 1971 ilitosha ubao mmoja, na hiyo ndiyo heshima yake kubwa. Waliobuni njia hiyo waliiandika ili mwingine aweze kuikosoa, na wale waliokuja kuikosoa ndio walioifanya iaminike. Aliye chini ya bwawa haoni hesabu, sawasawa na mgeni asivyouona msingi wa nyumba. Basi wale wanaoziona ni wajibu wao kuzisoma kwa niaba yake, kabla ardhi haijazisoma yenyewe.